Shangazi Hasomi Nafasi

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mawingu yameshuka karibu na mapaa, upepo ni wa baridi, na mvua iliyotishia tangu alfajiri bado haijaanguka.

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na nne anafungua kufuli mbili za ukumbi wa gemu kwa kupapasa. Hawashi taa. Anapita katikati ya viti kumi na viwili vya plastiki bila kugusa hata kimoja, anafika kwenye meza ya pembeni yenye kompyuta kubwa kuliko zote, anakaa, na anaweka spika ndogo kwenye sikio la kulia.

"Shikamoo, Shangazi," anasema.

Hakuna mtu mwingine chumbani. Shangazi ni programu inayosoma kwa sauti kila neno linalotokea kwenye skrini. Wachezaji wa ukumbi huu ndio walioipa jina hilo, kwa sababu inasema bila kupumzika na hakuna jambo linaloipita. Sauti yake ni ya mtu mwenye mafua anayesoma tangazo la msiba.

Mwanamke huyu wanamwita Mama Pacha. Anaandika maneno machache, anasikiliza, anainamisha kichwa na kusali kimya kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Ndivyo anavyofanya siku zote, anasema, ila wiki mbili hizi sala imekuwa ndefu.

"Leo nahukumiwa," anasema. "Saa nne wachezaji watakuja. Shemeji atasema kama naendelea na kazi au narudi kwenye ufagio."

Shemeji ni mwenye ukumbi, mume wa mdogo wake. Kazi inayozungumzwa ni ya kugeuza gemu, na kinachotoka mikononi mwake wachezaji hukiita modi.

Gemu ya mpira hutoka kwa watengenezaji ikiwa na timu za mbali na majina ya watu wasiowahi kukanyaga mtaa huu. Mama Pacha huifungua kwa ndani, huyatoa majina hayo na kuweka mengine. Hapa timu ya vinyozi hucheza na timu ya mafundi cherehani, wauguzi hukutana na wauza vipuri, na kila mchezaji wa kwenye skrini ana jina na sura ya mtu anayeketi kwenye kiti. Hata maandishi ameyageuza. Mchezaji akipata kadi ya pili, skrini humwambia: "Salimia nyumbani."

Kuna njia mbili za kuifanya kazi hii.

Ya kwanza ni ya vitufe. Unafungua programu, unaona picha za jezi, orodha za majina na visanduku vya kutia alama. Unasogeza kipanya, unabonyeza. Ukitaka kufuta kitu, programu inakuuliza kwanza kama kweli unataka.

Ya pili ni dirisha jeusi. Halina picha wala kitufe. Kuna mstari mmoja unaopepesa, unaosubiri uandike amri. Ukiandika sawasawa, linatekeleza. Ukikosea, lakini ukakosea kwa namna inayoeleweka, linatekeleza vilevile.

"Lenyewe haliulizi," anasema Mama Pacha. "Linakuchukulia wewe ni mtu mzima, unajua unachosema."

Hakuanza na dirisha jeusi. Aliingia ukumbini miaka kumi iliyopita kama mfagiaji, muda mfupi baada ya kufiwa na mumewe. Akiwa anafuta vumbi kwenye kompyuta alikuwa akiwatazama waliokaa, na moyo ukamsukuma. Alipofikisha miaka thelathini na tano alijiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, saa kumi na mbili hadi saa mbili, baada ya kazi.

"Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza mtoto wangu yuko wapi, mbona amechelewa. Nikamwambia mwanafunzi ni mimi. Aliona aibu yeye, mimi sikuona. Nilikuwa nimekwisha kumwomba Mungu aniondolee aibu kabla sijapanda ngazi."

Alijifunza kwa vitufe. Miaka mitatu alifanya kazi hiyo kwa kipanya, na jina lake likaenea. Kisha vitufe vya pembeni vikaanza kupotea.

"Nilidhani programu imebadilishwa. Nikamgombeza shemeji, nikamwambia mtu anachezea kompyuta yangu. Kumbe ni jicho."

Hospitali walimwambia ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebakiwa na tundu dogo katikati, nalo linazidi kujifunga.

"Ni kama kuchungulia nyumba ya watu kwa tundu la ufunguo," anasema. "Naona pua ya mtu, mtu mwenyewe simwoni."

Dawa ya kutia machoni inakula robo ya malipo yake ya wiki, na inakuja katika kichupa kisichojaza kiganja. Kinachobaki kinatosha chakula cha siku tano. Siku mbili anakula kwa mdogo wake, meza moja na mtu atakayemhukumu leo. Pacha wake, wasichana wa miaka kumi na tisa, wako chuoni mji mwingine. Hawajui habari za jicho la kulia.

Anapoulizwa kama si vibaya wakisoma habari hizo gazetini, anaitikia kwa kichwa.

"Andika. Watajua mama yao hakuwadanganya, alichelewa tu kusema. Kuchelewa ndiyo tabia yangu."

Aliyemwonyesha dirisha jeusi ni yule yule mwalimu wa jioni. Alimwambia jambo rahisi: Shangazi hawezi kuona picha, lakini maneno anayasoma, na dirisha jeusi ni maneno matupu. Basi asiyeona akiwa na dirisha hilo na masikio mazuri, hana upungufu.

Mama Pacha aliziweka amri kichwani kama mtu anavyoweka zaburi. Leo anakadiria anazo zaidi ya mia tatu. Jezi mpya zikitoka, huandika mstari mmoja na mashine zote kumi na mbili hubadilika kabla chai haijapoa. Kwa vitufe mtu angekaa kwenye kila mashine, moja baada ya nyingine, asubuhi nzima.

"Mstari mmoja, mashine kumi na mbili," anasema.

"Na kosa moja, mashine kumi na mbili," anajibu shemeji yake, ambaye ameingia kimya na kusimama mlangoni akipangusa viatu. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye kuzungumza polepole. "Nimekuheshimu miaka yote, shemeji. Hata leo nakuheshimu. Ila biashara haisikii heshima."

Mwezi Aprili alinunua programu mpya ya vitufe. Gemu ya msimu huu imetengenezwa ili igeuzwe kwa programu hiyo, na binti yake wa miaka ishirini na mbili aliijua kwa siku mbili. Siku ya tatu alimketisha mama yake mkubwa mbele ya skrini ili amfundishe.

Mama Pacha akafungua programu, na Shangazi akaanza kusoma alichokiona.

"Kitufe," Shangazi akasema. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

Watengenezaji walichora vitufe bila kuvipa majina. Mwenye macho anaona mkasi, pipa, jezi. Shangazi anaona vitufe arobaini na tatu, vyote jina lao ni kitufe.

"Tulicheka hadi tukatoka machozi," anasema binti. "Halafu nikamwona mama mkubwa hacheki tena. Alikuwa anahesabu kimya, anajaribu kukumbuka cha ngapi ni kipi."

Binti aliwaandikia watengenezaji barua pepe akiomba wavipe vitufe majina. Zimepita wiki sita. Hawajajibu.

Kwa hiyo wawili hao wakagawana kazi, binti kwa vitufe, mama mkubwa kwa dirisha jeusi, wote kwenye kompyuta moja. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Ukumbi ulikuwa na ligi iliyoanza mwezi Oktoba. Wachezaji sitini na watatu, timu saba, miezi saba ya mechi. Yote yalihifadhiwa kwenye kompyuta ya pembeni, katika folda iliyoitwa "ligi". Pembeni yake binti alikuwa ametunza nakala ya wiki tano za mwanzo. Aliifungulia folda kwa vitufe, akaipa jina kama mtu yeyote angeandika kwenye daftari: "ligi ya zamani".

Kwa mtu wa vitufe jina hilo halina shida. Kwa dirisha jeusi ni hatari, kwa sababu dirisha hilo likikuta nafasi kati ya maneno, hudhani umetaja vitu tofauti. Watu wa dirisha jeusi huunganisha maneno kwa kistari, au huyafunga yote ndani ya alama za nukuu. Hilo Mama Pacha alilijua kama anavyojua jina la mama yake.

Jumatano ya tarehe 28 Mei, saa tano asubuhi, kompyuta ilimwambia haina tena mahali pa kuhifadhi. Akaamua kufuta nakala ya zamani. Aliandika amri ya kufuta, akaongeza herufi ya kuliambia dirisha lisilalamike, kisha akaandika: ligi ya zamani. Bila alama za nukuu.

Shangazi akamsomea: "Ligi ya zamani." Ilisikika sawa kabisa.

"Shangazi hasomi nafasi," anasema Mama Pacha. "Anaweza kusoma, ukimwamuru. Nilimzima mwenyewe. Unafikiri utavumilia kusikia 'nafasi, nafasi, nafasi' mara elfu kwa siku? Nafasi nikaiacha iwe kimya. Ikanimaliza ikiwa kimya."

Dirisha lilielewa vitu vitatu. Lilitafuta kitu kinachoitwa "zamani", halikukiona. Likatafuta "ya", halikukiona. Likatafuta "ligi", likakiona, likakifuta. Na kwa kuwa liliambiwa lisilalamike, halikulalamika.

Ile nakala aliyotaka kuifuta ndiyo iliyobaki.

Fundi wa kurejesha mafaili alihangaika siku mbili. Alichorudisha ni vipande visivyofunguka. Mama Pacha alikaa naye siku zote mbili bila kula, akisali. Hasemi kwamba sala haikujibiwa. Anasema ilijibiwa, na jibu lilikuwa hapana.

Sasa amebandika kipande cha msasa juu ya kitufe cha alama za nukuu, ili kidole kikipita kisipite hivi hivi. Shangazi naye amewashwa, anataja kila nafasi. Kazi iliyokuwa ya dakika kumi inachukua dakika thelathini.

Saa nne kasoro wanaanza kuingia. Mvua nayo inaanza, inapiga bati kwa nguvu, na wenye mechi za kusimulia wanalazimika kuinua sauti. Hadi saa nne na robo wako kumi na tisa: vinyozi, wauguzi wawili waliotoka zamu, muuza vipuri mwenye mikono ya grisi, mafundi cherehani watatu waliosimama pamoja ukutani, chini ya trei za mayai zilizobandikwa kupunguza kelele.

Mwenye ukumbi anaomba wanyamaze, na anamwachia nafasi ya kwanza nahodha wa vinyozi.

"Mama Pacha, mimi nilikuwa na pointi arobaini na moja," anasema kinyozi. "Umetushusha daraja timu saba kwa siku moja. Hata refa mla rushwa hana uwezo huo."

Watu wanacheka. Mama Pacha anatabasamu, anageuza uso kuitafuta sauti.

"Yangu nimesamehe," kinyozi anaendelea, na sasa hacheki. "Nataka utuambie kuhusu marehemu."

Marehemu ni fundi cherehani aliyefariki mwezi Machi, akiwa na miaka thelathini na nane. Alikuwa akija kila jioni akifunga kazi, sindano bado zimechomekwa kwenye ukosi. Alipokufa, timu yake ilikubaliana asitolewe kikosini. Aliwekwa benchi, na jina lake likabaki juu ya orodha ya wafungaji: mabao thelathini na moja. Kila aliyefungua ligi alilikuta hapo. Hakuna aliyemfikia.

"Sura yake ipo," anasema Mama Pacha. "Jezi ipo. Ipo folda nyingine, haikuguswa. Mabao ndiyo hayapo. Katika ile nakala ana manne."

"Alikuwa na thelathini na moja."

"Thelathini na moja. Najua."

"Tulimzika mara moja," anasema mmoja wa mafundi cherehani, bila ukali. "Sikujua kuna ya pili."

Binti wa mwenye ukumbi anasimama. "Mama mkubwa, waambie basi. Mimi ndiye niliyeipa folda jina lenye..."

"Kaa, mwanangu."

"Lakini ni kweli."

"Folda ilikuwa na jina zuri, Kiswahili safi. Aliyebonyeza ni mimi. Kaa."

Binti anakaa. Baba yake anamtazama kwa muda mrefu, kisha anatazama sakafu. Inaonekana hakuwa amelijua hilo.

Mama Pacha anawageukia mafundi cherehani. "Naweza kuyarudisha mabao ya marehemu," anasema. "Ni mstari mmoja. Nafungua faili, natoa nne, naandika thelathini na moja. Hakuna atakayetofautisha. Ndiyo kazi yangu hiyo. Mara tatu nimeshika kibodi niandike, nikaacha. Nikaona niwaulize ninyi wenye mtu wenu."

Mafundi cherehani wanatazamana. Mvua inapiga bati. Aliyezungumza awali anatikisa kichwa, kisha anakumbuka kwamba Mama Pacha hawezi kumwona.

"Usimwandikie," anasema. "Yeye alifunga. Ukimwandikia atakuwa amepewa."

"Sawa, kaka."

"Muache na manne yake."

"Sawa."

Mwenye ukumbi anakohoa. Anasema amefikiri sana, na amesali pia, na kwamba usiku wa jana yeye na mkewe hawakuelewana. Kisha anatoa uamuzi. Kuanzia Jumatatu mashine kumi na mbili zitashughulikiwa kwa programu ya vitufe, na atakayezishika ni binti yake. Malipo ya Mama Pacha yatapungua kwa nusu.

Mama Pacha amekaa wima, mikono mapajani.

"Na kompyuta ya pembeni?" anauliza.

"Nilitaka kuifunga. Ligi ianze upya kwa vitufe."

"Shemeji, naomba nafasi nyingine."

"Nafasi ndiyo iliyotufikisha hapa," anasema kinyozi, "na bado unaomba nafasi."

Kicheko kinalipuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii Mama Pacha anacheka kwelikweli, hadi anajifuta jicho kwa upindo wa kitenge. Mwenye ukumbi naye anacheka, akijaribu kuficha kwa kiganja.

Kinyozi anangoja kelele zishuke. "Mimi sina ugomvi abaki na ligi," anasema. "Ianzie pale kwenye wiki tano. Shida yangu ni moja. Binti akibonyeza, naona anachobonyeza. Wewe ukiandika, sisi tunaona weusi. Hatusomi. Tutajuaje unafuta nini?"

"Na wewe mwenyewe," anaongeza muuguzi mmoja kwa upole, "hilo tundu likifunga, utajuaje?"

Daktari amekwisha kumwambia lini. Kabla ya mwaka kwisha, kwa makadirio yake. Mama Pacha analisema hilo kwa sauti, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa mdogo wake. Mwenye ukumbi anashika kiti kilicho mbele yake.

"Hadi mwisho wa Septemba," anasema. "Kompyuta ya pembeni ni yako hadi hapo. Likipotea jambo moja la mtu yeyote, tumemaliza. Umenielewa, shemeji?"

"Nimekuelewa."

Mama Pacha anao mpango tayari, na ameueleza kabla ya watu kufika: anataka kuandika programu ndogo ya dirisha jeusi itakayozuia kufuta na badala yake ihamishe kila kitu kwenye folda ya kusubiri kwa siku tisini. Ameandika nusu yake. Akiimaliza, angependa kuwapa wengine wanaofanya kazi hii bila macho, popote walipo, bila malipo. Anasema anajua wapo. Amewasikia kwenye mabaraza ya mtandaoni, Shangazi akimsomea.

Lakini programu haijakamilika, na watu kumi na tisa wamesimama wanamsubiri.

Anatoa spika sikioni. Anasimama, mkono mmoja juu ya kibodi, na anasubiri mvua ipungue kidogo ili asikike.

"Mungu ananisikia na ninyi mnanisikia," anasema. "Naahidi. Kuanzia leo sifuti kitu kwenye kompyuta hii mpaka nikitaje jina lake kwa sauti, neno kwa neno, na nafasi zake nizitaje. Mmoja wenu aliyepo ataniitikia, ajitaje jina, aseme futa, au aseme acha. Nikikuta ukumbi hauna mtu, hakifutwi. Na siku nitakayofuta bila kuitikiwa, msimsumbue shemeji aje kunifukuza. Funguo mtazikuta juu ya meza."